Je, pamba inaweza kutiwa rangi bila maji?

Swali limetoka kwa msomaji wa Dodoma:

"Shikamoo mtaalamu. Natengeneza batiki na tai-dai za pamba nyumbani, na shida yangu kubwa ni maji. Mwezi ukiwa mbaya nanunua ya boza, na mengi yanaishia kwenye kusuuza tu. Nimeona video ya kiwanda kinachotia vitambaa rangi bila tone la maji. Rafiki yangu naye ananiambia mafundi viatu wana rangi ya kuchanganya na spiriti, inakauka papo hapo. Je, naweza kutumia spiriti au kiyeyushi kingine badala ya maji? Na kama haiwezekani, mbona kiwandani inawezekana?"

Marahaba, mdogo wangu. Nianze na jibu lenyewe ili usikae ukilisubiri: spiriti usiitumie, na kitambaa ulichokiona kwenye video karibu hakika hakikuwa cha pamba. Lakini hilo la "mbona wao wanaweza" lina mengi ndani yake, na ukilielewa utajua pia maji yako yanapotelea wapi. Hayapotelei kwenye beseni la rangi.

Tuanze na video. Kiwanda cha namna hiyo kinatumia hewa ukaa, hii hii tunayoitoa puani. Ukiipasha joto kupita digrii 31 na kuigandamiza kupita mara 73 hivi ya mgandamizo wa hewa ya kawaida, inaingia katika hali ambayo si gesi wala si kimiminika: inapenya kama gesi, na wakati huo huo inayeyusha vitu kama kimiminika. Utafiti wa kuitumia kutia rangi ulianza Ujerumani, katika taasisi ya utafiti wa nguo ya Krefeld, mwishoni mwa miaka ya 1980. Walioufikisha sokoni ni Waholanzi wa kampuni ya DyeCoo, iliyoanzishwa 2008. Mashine zao zilianza kazi Thailand katika viwanda vya Yeh Group, na mwaka 2012 Nike nayo ikatia fedha zake humo. Kitambaa hufungiwa ndani ya pipa la chuma nene, kikapikwa kwa digrii kama 120 na mgandamizo wa mara 250 hivi. Kazi ikiisha mgandamizo unashushwa, hewa ukaa inarudishwa kwenye tangi kwa kazi nyingine, rangi iliyobaki inabaki kama unga, na kitambaa kinatoka kikavu. Hakuna kusuuza, hakuna kuanika.

Ni kazi nzuri na sina kejeli nayo. Ila kitambaa hicho ni poliesta. Poliesta ni plastiki. Haipendi maji, na rangi zake, zinazoitwa rangi za dispasi, nazo hazipendi maji. Hewa ukaa iliyogandamizwa ni ya ukoo huo huo. Wote watatu wanaelewana, ndiyo maana jezi za mpira zinatoka humo safi kabisa. Pamba ni wa ukoo mwingine.

Uzi wa pamba ni selulosi: minyororo mirefu ya sukari iliyolala ubavu kwa ubavu na kushikana kwa vifungo vidogo vidogo vya haidrojeni. Ukiwa mkavu, minyororo hiyo imebanana kiasi kwamba molekuli ya rangi haina pa kupita. Hapo ndipo maji yanapofanya kazi ambayo wengi hawaifikirii. Hayabebi rangi tu. Yanaingia katikati ya minyororo, pale ambapo haikupangika sana, yanashika nafasi za vile vifungo na kuuvimbisha uzi, kama maharage yaliyolazwa ndani ya maji usiku kucha. Rangi hupita katika uzi uliovimba. Kimiminika kisichoweza kuivimbisha selulosi, hata kikiwa kimejaa rangi kiasi gani, kitaipaka pamba kwa nje na kuiacha.

Kwa hiyo swali lako la "kiyeyushi gani badala ya maji", kwa pamba, maana yake halisi ni hii: ni kimiminika gani kingine kinachoweza kuuvimbisha huo uzi? Vipo, lakini ni vichache, na hakuna hata kimoja ambacho ningetaka kukiona uani kwako. Amonia iliyogeuzwa kimiminika inavimbisha pamba vizuri sana, na viwanda vimeitumia tangu miaka ya 1960 kulainisha na kung'arisha vitambaa, lakini inachemka kwenye digrii 33 chini ya sifuri na mvuke wake unapofua macho. Kipo kingine kiitwacho DMSO, nitakirudia.

Kabla ya hapo, tuelewane kwa nini wanakemia wanahangaika na jambo hili, maana sababu si uhaba wa maji peke yake. Bila shaka unatumia rangi za riaktivu, zile za kuweka chumvi na soda ashi. Zilianza kuuzwa 1956 na kampuni ya Uingereza ya ICI kwa jina la Procion, na mpaka leo ndizo rangi kubwa za pamba duniani. Uzuri wake ni kwamba haziishii kukaa ndani ya uzi. Soda ikiingia, rangi inashikamana na selulosi yenyewe kwa kifungo cha kikemia, na ndiyo maana nguo haichuji. Ubaya wake ni kwamba maji nayo yana mkono unaofanana na mkono wa selulosi. Wakati rangi inatafuta pamba, sehemu yake inadakwa na maji na kuishiwa nguvu. Katika kazi ya kawaida, robo ya rangi au zaidi hupotea hivyo. Rangi hiyo iliyokufa inabaki imejishikiza ndani ya kitambaa bila kifungo, na isipotolewa yote ndiyo itakayochuja siku mteja akifua nguo yake na shuka jeupe.

Halafu kuna chumvi. Pamba ikiwa ndani ya maji huwa na chaji hasi, na rangi hizi nazo ni hasi, kwa hiyo zinasukumana. Chumvi inawekwa kupunguza huo ugomvi. Fanya hesabu: kilo moja ya kitambaa chepesi (kama mita 6 au 7) ndani ya beseni la lita 20, kwa kipimo cha gramu 60 za chumvi kwa lita, ni gramu 1,200. Chumvi imezidi uzito wa kitambaa, na yote inaishia shimoni.

Sasa uone kinachofuata. Chumvi iliyobaki kwenye kitambaa inazuia rangi iliyokufa isitoke, kwa hiyo lazima kwanza utoe chumvi, ndipo utoe rangi. Lita 20 za beseni la rangi zinazaa lita 100 za kusuuza. Maji ya boza unayolipia yanakwenda huko. Mtu akikuuzia wazo la kuondoa maji kwenye beseni la rangi bila kugusa kusuuza, ameshughulika na sehemu ndogo ya tatizo.

Turudi kwenye spiriti. Rangi za fundi viatu zinayeyuka kwenye spiriti kwa sababu zimetengenezwa kwa ajili ya ngozi, na kiatu hakifuliwi kwa Omo. Ukizipaka kwenye pamba, spiriti inaruka na rangi inabaki juu ya uzi. Kitambaa kitapendeza siku ya kwanza, kisha jasho tu litaichuja. Na ukichukua rangi zako za riaktivu ukazitia kwenye spiriti, utapata matatizo mawili. Nyingi haziyeyuki vizuri humo. Na spiriti, ukiipa soda, nayo ina ule ule mkono wa maji, kwa hiyo itaendelea kuiua rangi vile vile.

Ni kweli watafiti wamejaribu kuchanganya ethanoli na maji kidogo, na wazo lao lina akili: rangi haipendi ethanoli, kwa hiyo inaikimbia na kujificha kwenye uzi wa pamba wenye maji ndani yake, bila kuhitaji chumvi nyingi. Maabarani inafanya kazi. Lakini kitambaa kinapotoka kwenye beseni kinakuwa kimebeba kimiminika karibu sawa na uzito wake. Bila mtambo wa kuivuta na kuirudisha hiyo ethanoli, kila kilo ya kitambaa inapeleka kama lita moja ya spiriti hewani. Piga bei yake mwenyewe, kisha linganisha na boza.

Na hilo la hewani ndilo linaloniogopesha zaidi. Wewe unayeyusha nta, na kama ilivyo kwa wengi, nadhani unatumia jiko la mkaa. Mvuke wa spiriti unashika moto hata kwenye joto chini ya digrii 20, na mchana wa Dodoma unapita hapo kwa urahisi. Tena ni mzito kuliko hewa: hautapaa kutoka dirishani, utatambaa sakafuni hadi kwenye makaa. Spiriti ya kusafishia kidonda ndani ya chupa ndogo ni jambo moja, beseni lililo wazi ni jambo jingine. Sizungumzii asetoni, inayotoa mvuke wa kuwaka hata kwenye baridi ya friza.

Kwa batiki kuna kikwazo kingine ambacho rafiki yako hakukifikiria. Nta ya mishumaa, yaani parafini ngumu, inayeyuka kwenye petroli, thina, mafuta ya taa na karibu viyeyushi vyote vya ukoo wa mafuta. Maana yake, kiyeyushi cha ukoo huo kikichukua nafasi ya maji kwenye beseni kitakula michoro yako kabla rangi haijashika. Hata mashine ya hewa ukaa ya DyeCoo, ukiingiza humo kitambaa chenye nta kwa digrii 120, utatoa kitambaa kisicho na mchoro. Batiki ilizaliwa kwenye maji baridi.

Najua utasema: lakini drai klina je? Pale wanafua bila maji. Ni kweli, na historia yake inafundisha. Kiyeyushi chao cha miaka mingi ni perikloroethilini. Miaka ya 1960 na 1970 viwanda vya Ulaya na Marekani viliamini kweli kwamba hicho, pamoja na ndugu yake trikloroethilini, vingechukua nafasi ya maji katika kutia rangi. Hoja yao kubwa ilikuwa joto la kukaushia. Kugeuza kilo ya maji kuwa mvuke kunahitaji kilojuli kama 2,260. Kilo ya perikloroethilini inahitaji kama 210 tu. Mafuta yalipopanda bei 1973, tofauti hiyo ilionekana kubwa mno, na hakiwaki moto hata ukikiwekea kiberiti. Lakini rangi za pamba ni chumvi za kikemia na haziyeyuki humo, na pamba haivimbi humo. Waliofanikiwa kidogo walikuwa, tena, watu wa poliesta. Kisha madaktari wakaja na habari zao: trikloroethilini leo imeorodheshwa kama chanzo cha saratani kwa binadamu, na perikloroethilini kama chanzo kinachoelekea kuwa hivyo. Desemba 2024 Marekani ilipitisha kanuni za kupiga marufuku ya kwanza na kuiondoa ya pili hatua kwa hatua, hata kwenye drai klina. Kwa hiyo ukipewa dumu la "maji ya drai klina" kwa bei ya kutupa, liache huko huko.

Palipo na maarifa mapya ya kweli kwa pamba ni China na Hong Kong, na hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu humo ndimo nilimoona funzo kwa mtu wa ndoo na beseni.

Watafiti wa China wamechukua mafuta mepesi ya silikoni yanayojulikana kwa kifupi kama D5, yale yale yanayotumika kwenye vipodozi vya nywele. D5 haivimbishi pamba hata kidogo. Wala wao hawataki iivimbishe. Wanachofanya ni kuloweka kitambaa kwenye maji yenye soda, kukikamua mpaka kibaki na maji ya ndani ya uzi na mabaki kidogo, kisha kukitumbukiza kwenye D5 iliyotiwa unga wa rangi. Rangi haiyeyuki kwenye D5. Inaelea humo kama vumbi, ikiyumba huku na huku, mpaka ikutane na yale maji yaliyojificha ndani ya pamba. Ikiyagusa inayeyuka, na ikishayeyuka humo haina sababu ya kutoka. Karibu rangi yote inaingia kitambaani, bila chumvi hata chembe. Na kwa kuwa maji ni machache, yanayoiua rangi nayo ni machache. D5 inatenganishwa baadaye na kutumika tena.

Hong Kong, katika chuo kikuu cha Polytechnic, wamefika karibu na hapo kwa njia nyingine. Wanatengeneza matone madogo mno ya maji yenye rangi, wanayavika sabuni maalumu, na kuyatawanya ndani ya mafuta. Kila tone linabeba rangi yake hadi kwenye uzi, linaufungulia njia na kuiacha humo. Wameanza na mafuta yanayofanana na petroli, baadaye wakajaribu na D5.

Umeona? Njia hizi zinaitwa "bila maji" kwenye vichwa vya habari, lakini hakuna iliyoyaondoa maji ndani ya uzi. Zimeondoa maji yaliyo nje ya uzi, yale yanayozunguka kitambaa bila kazi, na kuweka mafuta mahali pake. Kwa lita 10 za kiwandani wanabaki na lita moja hivi kwa kilo. Mimi kwa maoni yangu hiyo ndiyo hatua kubwa zaidi kuliko yote katika miaka 50 ya kutafuta viyeyushi vya pamba, na haikupatikana kwa kuyafukuza maji.

Usinielewe vibaya ukaenda kutafuta D5 Kariakoo. Haiozi kirahisi, na inajikusanya katika miili ya viumbe. Umoja wa Ulaya uliiweka 2018 kwenye orodha ya kemikali zinazotia wasiwasi mkubwa, na tangu 2020 hairuhusiwi kuzidi asilimia 0.1 katika vipodozi vya kunawa. Kiwanda chenye mitambo iliyofungwa kinaweza kuimudu. Uani hapana.

Ile DMSO niliyoiahidi inavimbisha pamba, tena haina ule mkono wa maji, kwa hiyo haiiui rangi. Chuo kikuu cha Nebraska, Marekani, kimeonyesha kwamba rangi inayobaki kwenye beseni inaweza kutumika tena kwa sababu bado iko hai. Ni jambo zuri sana kikemia. Lakini inachemka kwenye digrii 189, hivyo kuirudisha ni kazi ya mtambo wa gharama, na ina tabia moja mbaya: inapita kwenye ngozi upesi na kuchukua chochote kilichoyeyuka humo hadi kwenye damu. Mikono yenye DMSO na rangi pamoja ni kitu ambacho sikitaki hata kukifikiria. Vipo pia viyeyushi vya chumvi zilizo kimiminika, na michanganyiko ya kolini na yurea. Vyote bado vya maabara na bei yake si ya kanga. Hewa ukaa kwa pamba nayo ilijaribiwa Delft, Uholanzi, wakapata matokeo mazuri mwaka 2005 kwa rangi maalumu, lakini kitambaa kililazimika kulowekwa kwanza kwenye methanoli. Unaona tena: lazima kitu kiivimbishe pamba kwanza. Na ukiweka maji badala ya methanoli, hewa ukaa inayatia tindikali, wakati rangi ya riaktivu inataka soda.

Sufu na hariri ni protini, zina tabia nyingine, na kwa sufu viyeyushi vimewahi kusaidia: huko Leeds, Uingereza, iligunduliwa zamani kwamba alkoholi ya benzili kidogo ndani ya maji huingiza rangi kwenye sufu kwa joto dogo kuliko kawaida. Lakini hata hapo maji yalibaki kuwa mwenye nyumba.

Mfano mmoja wa mwisho kutoka viwandani, kwa sababu hauhitaji kiyeyushi kabisa. Kiwanda cha Tejidos Royo cha Hispania kilianza kutia nyuzi za jinzi rangi ya nili kwa povu. Badala ya kujaza matangi maji, wanajaza rangi gesi mpaka iwe povu, na povu linapakwa kwenye nyuzi ndani ya chumba chenye naitrojeni ili nili isikutane na oksijeni na kugeuka kabla ya kuingia. Maji kidogo yaliyo kwenye kuta za povu yanatosha kuvimbisha uzi. Nafasi iliyobaki ni gesi tu.

Sasa wewe hapo Dodoma. Kanuni ni ile ile: yaache maji ya ndani ya kitambaa, punguza ya nje. Viwanda vya kawaida vimefanya hivyo miaka mingi bila makelele, kwa kulowesha kitambaa rangi na soda, kukikamua, kukifunga kwenye nailoni na kukilaza mpaka kesho yake. Hakuna chumvi, hakuna kupika. Inafaa sana kwa rangi za riaktivu za baridi, zile zinazofanya kazi kwenye joto la chumba.

Kwa tai-dai, loweka kitambaa kilichofungwa kwenye maji yenye gramu 40 za soda ashi kwa lita, kwa nusu saa, kisha kikamue kwa nguvu juu ya ndoo hiyo hiyo. Maji hayo ya soda usiyamwage. Yanatumika tena na tena, unaongeza tu yanapopungua. Yeyusha rangi kwenye maji machache, nusu lita hadi lita moja kwa kilo ya kitambaa: gramu 20 za rangi kwa rangi ya kati, 40 kwa iliyokolea. Mwagia, bonyeza iingie, funga kwenye nailoni isipitishe hewa, laza saa 12 hadi 24. Kitambaa kikikauka kabla ya wakati, kazi imesimama, kwa sababu maji ya ndani ndiyo yanayofanya kazi. Wengine huongeza yurea kidogo kwenye rangi ili unyevu ukae. Mwezi wa sita na wa saba usiku wa Dodoma ni wa baridi, basi kiache hadi kesho yake jioni.

Batiki yenye nta huwezi kuikamua bila kuvunja nta. Hapo tumia brashi. Changanya rangi na gramu 10 za soda ashi kwa lita, pakaa ndani ya saa moja kabla mchanganyiko haujafa, kisha funika kwa nailoni kivulini. Usiweke juani kuharakisha, nta italainika.

Kuhusu soda: magadi ya kupikia ya sokoni si soda ashi. Ni mchanganyiko wa kabonati na baikabonati pamoja na uchafu wa ziwani, na ukali wake ni mdogo, kwa hiyo rangi inatoka hafifu na leo si sawa na jana. Soda ashi ya dukani, iliyochomwa na kusafishwa, haina bei kubwa kiasi cha kukufanya ubahatishe. Na unga wa rangi uupime ukiwa umevaa barakoa, mahali pasipo na upepo. Rangi za riaktivu zikivutwa puani mara kwa mara zinaweza kumwachia mtu pumu ya maisha.

Ikiwa baadhi ya rangi zako ni za vati, zile za kostiki na haidro, njia ya nailoni haizifai. Zenyewe hutaka beseni, lakini beseni lake linatumika kwa vitambaa vingi mfululizo ukiongeza rangi na haidro, mradi uanze na rangi nyepesi kwenda nzito.

Kwenye kusuuza ndiko utakakookoa zaidi. Kwa kuwa hukuweka chumvi, rangi iliyokufa itaachia mapema. Panga ndoo nne za lita 10 kwa kilo: mbili za baridi, mbili za moto unaokaribia kuchemka. Kitambaa kinaanza na baridi, kinamaliza na moto. Moto ndio unaotoa rangi, wala si sabuni. Suuzo mbili za moto zinashinda sita za baridi. Kitambaa cha pili kikija, ndoo iliyokuwa ya mwisho, ambayo bado ina rangi kidogo tu, inashuka kuwa ya tatu, ya tatu ikipoa inakuwa ya pili, na unamwaga ile ya kwanza peke yake. Hivyo kila kitambaa kinakula ndoo moja mpya badala ya nne. Kwa batiki, sufuria ya kuchemshia nta ndiyo suuzo lako la moto: kwanza chemsha bila sabuni, uiengue nta ikielea ili utumie tena, kisha sufuria ya pili uweke sabuni. Ukizingatia hayo, kilo ya kitambaa iliyokuwa ikila lita zaidi ya 100 itakula kama 20 au 30.

Na kama ya boza ni ya kisima, angalia ugumu wake. Maji magumu yanaifanya rangi iliyokufa igande ndani ya kitambaa, na yenye chumvi yanaizuia isitoke, kwa hiyo utasuuza mpaka uchoke na bado itachuja. Weka pipa la maji ya mvua pembeni kwa ajili ya suuzo la moto la mwisho tu. Ya kisima yatumie kwenye zile za baridi unapopanga ndoo mara ya kwanza.